Barafu ikiyeyuka ndipo kilio kinapoanza

Usiku wa kuamkia Jumatatu ya Februari 15, 2021, saa saba na dakika kadhaa, shirika linaloendesha gridi ya umeme ya jimbo la Texas, ERCOT, liliwaamuru wasambazaji waanze kukata umeme. Mitambo ilikuwa ikizimika mmoja baada ya mwingine: ya gesi, ya makaa ya mawe, ya upepo. Ilipofika alfajiri, hata kinu kimoja cha nyuklia kilichoko karibu na pwani ya Ghuba ya Meksiko kilijizima chenyewe. Kinu kilikuwa kizima kabisa. Kilichoganda ni kijibomba chembamba chenye maji ya kupimia presha kwenye mfumo wa pampu. Kipimo kikadanganyika, pampu zikasimama, na zaidi ya megawati 1,000 zikatoweka kwa mkupuo mmoja. Nchi iliyompeleka binadamu mwezini ilikuwa imekwamishwa na kibomba ambacho fundi yeyote wa mtaani angekivisha sponji kwa nusu saa.

ERCOT walieleza baadaye kwamba gridi nzima ilibakiza dakika 4 na sekunde 37 ianguke yote. Zaidi ya nyumba na biashara milioni 4.5 zilikaa gizani, nyingine kwa siku kadhaa mfululizo.

Msomaji wa Dar es Salaam, Lubumbashi au Mombasa hahitaji kuelezwa mgao wa umeme. Tunawasha mshumaa, tunanung'unika, tunalala. Chakula kwenye friji kinaharibika, basi. Mgao wa Texas ulikuja na janga la pili ambalo huku kwetu hatulijui: umeme ukikatika, nyumba inapoa, nyumba ikipoa, maji yaliyomo ndani ya kuta yanaganda, na maji yakishaganda, nyumba inaanza kuharibika kutoka ndani huku mwenyewe amejifunika mablanketi sebuleni akidhani shida yake ni baridi tu.

Zaidi ya nusu ya kaya za Texas hupasha nyumba joto kwa umeme. Wenye tanuri la gesi nao hawakuponea, maana feni inayosambaza hewa ya moto vyumbani inataka umeme. Jumanne asubuhi, Februari 16, Dallas ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri, baridi ambayo mji huo haukuwa umeiona tangu 1949. Houston, mji wa joto na unyevunyevu ambao hali yake ya hewa ya kiangazi ingemfanya mtu wa Tanga ajisikie nyumbani, ulishuka hadi nyuzi 11 chini ya sifuri.

Nyuzi 19 chini ya sifuri si habari kwa mkazi wa Minnesota. Huko watoto huenda shule. Kwa nini basi mabomba ya Minneapolis yakae salama na ya Dallas yapasuke? Jibu liko darini.

Nyumba ya kawaida ya Texas haina chumba cha chini ya ardhi. Hutandazwa zege, nyumba ikasimamishwa juu yake. Katika nyumba nyingi mabomba ya maji hupandishwa ndani ya ukuta mpaka darini, yakatambaa juu ya vyumba, kisha yakateremshwa jikoni na bafuni. Ni njia rahisi na ya haraka, na fundi akitaka kurekebisha kitu hana haja ya kuvunja sakafu. Juu ya dari hutandikwa pamba ya kuhami joto, ili hewa ya moto ya wakati wa baridi isipotee na ubaridi wa kiyoyozi wakati wa kiangazi usitoroke. Sasa fikiria bomba lililopita juu ya pamba hiyo. Lenyewe liko nje ya nyumba, ingawa liko chini ya paa. Pamba inayomfaa mwenye nyumba kule chini ndiyo inayolinyima bomba joto. Kadiri alivyoongeza pamba kupunguza bili ya umeme, ndivyo alivyoliacha bomba lake uchi.

Siwalaumu sana wajenzi wa Texas. Walijenga wakiwa na jua la Agosti kichwani, na kwa miaka mingi hesabu yao ilikuwa sahihi. Kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika sehemu kubwa ya Marekani hukataza kupitisha bomba la maji darini au kwenye ukuta wa nje penye hatari ya kuganda, isipokuwa limekingwa. Kinga iliyowekwa Houston ilitosha kwa usiku mmoja wa nyuzi mbili tatu chini ya sifuri, na jua likachomoza asubuhi mambo yakaisha. Siku nne mfululizo bila umeme hazikuwamo kwenye mchoro wa mtu yeyote.

Kinachopasua bomba

Vitu vingi vikiyeyuka huwa vikubwa, vikiganda hunywea. Maji nayo hunywea yanapopoa, lakini yakifika nyuzi 4 hugeuza njia na kuanza kutanuka, na yakishakuwa barafu huwa yamechukua nafasi kubwa zaidi kwa takriban asilimia 9. Ndiyo maana barafu huelea. Ndiyo maana pia chupa ya maji iliyojazwa pomoni na kusahaulika kwenye friza huvunjika.

Kutokana na mfano huo wa chupa, watu wengi huamini kwamba bomba nalo huchanwa na barafu inayolisukuma kutoka ndani kwenda kando. Mara nyingi sivyo. Mwaka 1996 Jeffrey Gordon, mtafiti wa Baraza la Utafiti wa Majengo la Chuo Kikuu cha Illinois, alitoa ripoti ya majaribio yaliyofanywa kwa mabomba yaliyowekwa darini, na maelezo yake ndiyo yanayoongoza mpaka leo. Barafu inapoota ndani ya bomba hujiongeza kwa urefu. Ikishaziba njia yote, inaendelea kukua, na kila inapokua inayasukuma maji. Yale ya upande wa barabarani hayana shida, yanarudi kwenye mfumo wa mji. Yale ya upande wa koki hayana pa kwenda, maana koki imefungwa. Maji hayabonyei. Presha inapanda, inapanda, mara nyingi kuliko presha ya kawaida ya bomba la nyumbani, mpaka pale palipo dhaifu pakubali kushindwa: kwenye kona, kwenye kiungio, au katikati ya bomba zima lenye ukuta mwembamba. Hapo panaweza kuwa mita kadhaa kutoka kwenye barafu, tena mahali penye joto. Fundi anayekimbilia sehemu iliyoganda kutafuta tundu anaweza kulikosa kwa sababu hiyo.

Kipande cha shaba kilichopasuka hivyo ni kitu cha kukishika mkononi na kukitazama. Bomba la nusu inchi, limenyooka, linang'aa. Kisha mahali pamoja limefura, shaba imevutika ikawa nyembamba, na juu ya uvimbe huo limefunguka kwa urefu wa nusu kidole, kingo zikipinda nje kama ganda la kunde lililokaukia juani. Halina kutu wala alama ya nyundo. Ukilipeleka kwa mtu asiyejua habari za baridi ataapa kwamba mtu amelipasua kwa makusudi. Mabomba mapya ya plastiki aina ya PEX hutanuka kidogo na kurudi, kwa hiyo hustahimili zaidi, ingawa viungio vyake vya chuma havina uvumilivu huo.

Gordon alitoa pia namba ambayo mafundi na kampuni za bima za Marekani huitumia hadi leo: nyuzi 20 za Farenhaiti, yaani karibu nyuzi 7 chini ya sifuri kwa Selsiasi. Hewa ya nje ikishuka hapo, bomba lisilokingwa darini liko hatarini. Haligandi pale pale kwenye sifuri, kwa sababu maji yaliyotulia yanaweza kupoa chini ya sifuri yakabaki maji kwa muda, kisha ghafla yakageuka.

Kutoka hapo ndipo ushauri maarufu wa kuacha koki ikidondosha usiku unapopata maana yake halisi. Wengi huueleza kwa kusema maji yanayotembea hayagandi. Yanaganda; mito mikubwa ya Kanada hupitisha malori juu ya barafu yake. Faida kubwa ya koki iliyolegezwa ni kwamba hata barafu ikiziba bomba, maji yaliyonaswa yana mlango wa kutokea, na presha haipati nafasi ya kupanda. Tone baada ya tone linatosha. Ilegezwe koki ya maji baridi na ya maji moto, na ichaguliwe iliyo mbali zaidi na mahali bomba linapoingilia nyumbani.

Mwanafunzi wa Lushoto na bomba la maji moto

Nimesema ya maji moto pia, na hapo hadithi inapita nyumbani kwetu. Mafundi wa nchi za baridi wamekuwa wakilalamika tangu zamani kwamba bomba la maji moto hupasuka mara nyingi kuliko la maji baridi lililo kando yake. Mwaka 1916 mwanafizikia F. C. Brown alichapisha katika jarida la Physical Review makala yenye mada hiyo hiyo, kupasuka mara kwa mara kwa mabomba ya maji moto majumbani. Makala ikasahaulika.

Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi kwenye friza, akaingiza maziwa yake yangali ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyoingia bila kuchemshwa. Akauliza, akachekwa, na baadaye akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Alipokuwa shule ya Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, safari hii kwa Denis Osborne, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Osborne alikwenda kujaribu badala ya kucheka, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala katika jarida la Physics Education. Dunia nzima ya sayansi sasa hulitaja jina la Mpemba, na bado wanasayansi wanabishana kama jambo lenyewe hutokea kila mara, au hutokea kabisa.

Ubishi huo ni wao. Kwa mabomba kuna maelezo yanayosimama bila kuungoja umalizike. Usiku wa manane maji yaliyolala ndani ya bomba la moto yameshapoa kama ya bomba baridi, lakini yalipochemshwa yalipoteza hewa iliyoyeyukia ndani yake. Maji ya namna hiyo huelekea kupoa mbali zaidi chini ya sifuri kabla ya kuganda, na yakianza kuganda barafu huchipua sindano sindano kupita upana wote wa bomba na kuliziba mara moja, badala ya kujipaka taratibu ukutani. Bomba baridi linaweza kuwa na barafu ukutani na bado likapitisha maji katikati. Kwa hiyo anayelegeza koki ya maji baridi peke yake kwa kuamini kwamba maji moto yana kinga amelinda bomba lisilofaa.

Siku jua lilipotoka

Bomba lililopasuka likiwa na barafu ndani halivuji. Barafu yenyewe ndiyo kizibo. Ndiyo maana watu wengi wa Texas walilala Jumanne na Jumatano wakiamini wamevuka salama, kisha joto lilipoanza kurudi kuelekea mwisho wa wiki wakasikia darini mlio ambao hawakuwahi kuusikia. Ufa wa milimita 3 unaweza kumwaga zaidi ya lita 900 kwa siku. Maji huanza kwa doa la kahawia kwenye jipsamu. Doa linakua, jipsamu inalegea na kushuka katikati, misumari inaachia mmoja mmoja, halafu dari nzima ya chumba inatua kitandani pamoja na pamba iliyolowa tepetepe. Kwenye majengo ya ghorofa yalipasuka hata mabomba ya kuzimia moto yaliyo kwenye dari za korido, na familia za ghorofa tatu chini zikaloweshwa na bomba ambalo hazikujua kama lipo.

Hapo tena ikaja zamu ya mji. Maelfu ya mabomba yaliyopasuka kwa wakati mmoja, pamoja na koki zilizoachwa zikitiririka, yalinyonya presha ya mfumo mzima, huku baadhi ya mitambo ya kusafisha maji ikiwa haina umeme. Zaidi ya watu milioni 14 walikosa maji au waliambiwa wachemshe kabla ya kunywa. Kulikuwa na watu waliochota theluji kwa ndoo wakaiyeyusha ili wapate maji ya kumwaga chooni. Mafundi bomba hawakutosha hata robo, na serikali ya jimbo ikalegeza masharti ya leseni ili mafundi wa majimbo mengine waruhusiwe kuja kufanya kazi. Hesabu rasmi ya jimbo ya waliokufa katika tufani hilo na matokeo yake ni watu 246.

Texas ina wasemaji wengi wa Kiswahili kuliko watu wanavyodhani. Houston, Dallas, Fort Worth na hata mji mdogo wa Abilene zimepokea familia za Kikongo zilizohamishwa kutoka kambi kama Nyarugusu, mkoani Kigoma. Katika jambo moja watu hawa waliwazidi wenyeji: mtu aliyelelewa kwa foleni ya maji hakosi dumu lililojaa mahali fulani nyumbani, na hashangai kuoga kwa kata. Katika jambo jingine walikuwa hatarini zaidi. Kambini koki ni ya wote na iko nje. Ikiharibika anaitwa anayehusika. Ndani ya nyumba ya kupanga Marekani kuna valvu kuu moja inayokata maji yote, na mpangaji mgeni, sawa na wapangaji wengi wenyeji, hajaonyeshwa ilipo. Kati ya kusikia mlio darini na kuipata valvu hiyo, kila dakika ni ndoo kadhaa.

Hatari ya kuua kabisa ilikuwa mkaa. Kwa mtu wetu, jiko la mkaa ndani ya chumba cha baridi ni jambo la kawaida kabisa. Lushoto, Limuru, Bukavu, nani hajafanya? Lakini vibanda vyetu vina nyufa, madirisha yasiyofunga vizuri na mabati yenye mianya. Nyumba ya Kimarekani imezibwa kila upande kwa ajili ya kiyoyozi. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, na inajaa kabla mtu hajajua. Katika siku zile chache hospitali za Texas zilipokea mamia kwa mamia ya waliovuta hewa hiyo, kutokana na majiko ya kuchomea nyama yaliyoingizwa sebuleni, jenereta zilizowashwa ndani na magari yaliyowashwa ndani ya gereji. Wahamiaji walikuwamo. Ukiwa na ndugu anayehamia nchi ya baridi, mwambie habari hii kabla hujamwambia habari ya makoti.

Likishaganda

Dalili ya kwanza ni koki kutoa matone machache au kukauka kabisa asubuhi ya baridi kali, ilhali majirani wana maji. Kabla ya kutafuta chochote cha kuyeyushia, tafuta valvu kuu. Mara nyingi iko pale bomba linapoingilia nyumbani, karibu na hita ya maji, au ndani ya kisanduku cha mita kando ya barabara, ambacho huhitaji ufunguo maalumu wa chuma. Hakikisha inazunguka. Valvu isiyoguswa miaka kumi hukataa siku unayoihitaji.

Kisha fungua koki iliyoathirika na uiache wazi, ili barafu ikianza kulegea maji na mvuke vipate pa kutokea. Anza kupasha joto kutoka upande wa koki ukielekea kwenye barafu. Ukianzia katikati unatengeneza maji na mvuke katikati ya vizibo viwili. Draya ya mkononi ile ya saluni inatosha kabisa. Taulo zilizolowekwa kwenye maji ya moto zinafaa. Fungua milango ya kabati la chini ya sinki ili hewa ya jikoni iingie. Kazi hii inachukua nusu saa, saa moja, pengine zaidi, na asiye na subira ndiye huleta tochi ya gesi. Kila majira ya baridi kuna nyumba zinazoungua kwa mtindo huo: ndani ya ukuta bomba limelala kando ya mbao kavu na karatasi, na moto wa sekunde tano unatosha. Shaba nayo hupeleka joto mbali, ikawasha kitu ambacho aliyeshika tochi hakioni.

Ukisikia maji yanakimbia ndani ya ukuta au darini, funga valvu kuu hapo hapo, kisha fungua koki zote zimwage kilichobaki. Maji yakikaribia soketi au taa, usiyakanyage wala kuzigusa soketi au taa hizo. Zima umeme kwenye swichi kuu kama unaweza kuifikia ukiwa mkavu. Dari iliyoshuka katikati itobolewe kwa bisibisi ndogo juu ya ndoo, mtu akiwa kando, kabla haijaamua kushuka yenyewe. Zulia na jipsamu vilivyolowa vinaanza kuota ukungu ndani ya siku moja au mbili.

Kuzuia ni nafuu zaidi, ingawa si kwa namna inayoelezwa na wauza vifaa. Sponji ya kuvisha bomba huchelewesha tu; haina joto lake. Ikiwa hewa ya darini imekaa nyuzi 10 chini ya sifuri siku tatu, bomba lililovaa sponji litaganda pia, ila baadaye. Kinachosaidia zaidi ni kuziba mianya inayopenyeza upepo kwenye ukuta wa nje, kwani uzi mwembamba wa upepo unaopiga sehemu moja ya bomba hugandisha kuliko baridi tulivu ya chumba kizima. Kuna kebo ya umeme inayozungushiwa bomba ikalipa joto, nzuri sana mpaka umeme ukatike. Na mpira wa kumwagilia bustani uchomolewe kabla ya baridi kuanza: ukibaki umefungwa, maji hunaswa kwenye koki ya nje na kugandia ndani ya ukuta, na mwenye nyumba hugundua tu siku anayofungulia maji ya bustani majira ya kuchipua. Anayesafiri asizime kipasha joto chote. Msalaba Mwekundu wa Marekani hushauri nyumba isiachwe chini ya nyuzi 55 za Farenhaiti, karibu 13 za Selsiasi.

Wazoefu wa baridi

Minnesota huzika mabomba yake makubwa mita mbili na zaidi chini ya ardhi, kwa sababu udongo wenyewe huganda. Huko baridi huteremka ardhini polepole, na ncha yake inaweza kuwa bado inashuka wakati juu theluji imeshaanza kuyeyuka. Winnipeg, Kanada, uliadhibiwa na jambo hilo mwaka 2014: majira ya baridi yalikuwa makali na marefu, ardhi ikaganda mpaka kwenye mabomba yanayoingia majumbani, na nyumba nyingi zikaendelea kukosa maji hata baada ya jua la majira ya kuchipua kutoka. Manispaa iliwaambia wenye mabomba yaliyo hatarini waache koki moja ikitiririka mchana na usiku, uzi mwembamba tu, na waliokauka kabisa wakavutiwa maji kwa mpira kutoka kwa jirani. Nyumba mbili zikawa zinaishi kwa mita moja.

Kaskazini zaidi watu wameacha kushindana na ardhi. Yakutsk, mji wa Siberia uliojengwa juu ya udongo usioyeyuka mwaka mzima, mabomba hupita juu, yamevishwa magamba mazito, yakiruka barabara kwa matao. Inuvik, Kanada, nako maji safi na maji taka husafiri ndani ya masanduku marefu yaliyoinuliwa juu ya nguzo kutoka nyumba hadi nyumba. Hayapendezi, lakini kila mtu anajua bomba liko wapi.

Ulaya nayo ina Texas yake. Desemba 2010 Ireland ya Kaskazini, ambako baridi ya kawaida ni ya mvua na upepo, ilifika karibu nyuzi 19 chini ya sifuri katika kijiji cha Castlederg. Siku ya pili ya Krismasi hewa ikapata joto ghafla, mabomba yakaanza kufunguka nchi nzima, na nyumba zipatazo 40,000 zikakosa maji, nyingine kwa zaidi ya wiki. Scotland ililazimika kuwapelekea maji ya chupa. Mkuu wa kampuni ya umma ya maji alijiuzulu Januari 2011, na sehemu kubwa ya hasira ya wananchi ilitokana na simu zisizopokelewa.

Tukirudi Marekani, bima ya nyumba kwa kawaida hulipa hasara ya bomba lililopasuka ghafla, lakini kampuni huuliza kwanza kama mwenye nyumba alijitahidi kuipa nyumba joto. Bima ya mwenye nyumba haimgusi mpangaji; godoro, televisheni na vyeti vya mpangaji vikilowa ni vyake, isipokuwa amekata bima yake mwenyewe. Familia nyingi za wahamiaji zililifahamu hilo zikiwa zimeshaloa.

Juni 2021 Gavana Greg Abbott alitia saini sheria inayowalazimisha wazalishaji wa umeme wa Texas kuikinga mitambo yao na baridi, na wakaguzi hupelekwa kuitazama. Mabomba ya majumbani hayakuwa na mkaguzi wa namna hiyo. Kwenye nyumba nyingi fundi alikata kipande kilichochanika, akaunga kipya, jipsamu ikapigiliwa na kupakwa rangi, na bomba likaachwa palepale lilipokuwa, juu ya pamba.